Waliotumwa Lukuga kwa Barua

Mwaka 1894 Wazungu wawili walipanda mto Lualaba kutoka Kasongo mpaka wakaukuta mdomo wa Lukuga, mto huu huu unaotoka Ziwa Tanganyika hapa Kalemie. Mmoja alikuwa daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeajiriwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo. Wa pili alikuwa Mmarekani wa miaka 30 hivi, Richard Dorsey Mohun. Hinde hanisumbui: alikula mshahara wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola hiyo, na alipigana vita vyake. Mohun ndiye aliyenishika. Serikali yake ilimtuma Boma mwaka 1892, kule karibu na bahari ya Atlantiki, awe wakala wa biashara. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti kuhusu vitambaa, pembe za ndovu na mpira, wafanyabiashara wa Marekani wajue cha kununua na cha kuuza. Ukimtafuta vitabuni mwaka mmoja baadaye, unamkuta yuko na mizinga katika kikosi cha afisa Mbelgiji Chaltin, kwenye vita vya Dola dhidi ya Waarabu na Waungwana wa Manyema.

Barua gani ilimpa wakala wa biashara ruhusa ya kupiga mizinga?

Nauliza hivyo kwa sababu ya kazi iliyonilea. Kabla ya kustaafu nilikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, katika ofisi za serikali, na amri za uteuzi zilipita mikononi mwangu zikiwa bado rasimu za kalamu. Umbo lake halibadiliki. Juu kabisa jina la nchi, chini yake cheo cha mwenye kutia sahihi, kisha mlolongo wa sheria zinazompa uwezo huo. Kifungu cha kwanza kinamtaja mteuliwa na cheo chake. Kifungu cha pili kinafuta maagizo yote ya nyuma yanayopingana na hili. Kifungu cha tatu kinasema nani atasimamia utekelezaji, na kwamba amri inaanza kazi siku ya kutiwa sahihi. Anayeondoka hatajwi popote. Kile kifungu cha pili ndicho kinachomwondoa. Nilimwona mzee mmoja akiisoma karatasi ya namna hiyo, akirudia tena na tena, akitafuta jina lake, mpaka mwenzake akamwekea kidole pale alipofutwa.

Kilichonifundisha zaidi ni zile karatasi ambazo sikuzichapa mimi. Nyuma ya amri, ndani ya faili, zilibanwa kwa pini barua nyingine: ya mheshimiwa fulani akimsifu kijana wa kwao, ya padri, ya mfanyabiashara, ya shemeji. Nikazoea kulisoma faili kuanzia nyuma. Ukijua nani aliandika barua ya kumwombea mtu kazi, unaweza kukisia mtu huyo atakuwa na macho ya kuona nini akishafika kazini, na nini hatakiona. Nimeisoma historia ya ziwa letu kwa jicho hilo, na ndivyo ninavyotaka kuisimulia.

Marekani ya karne ya 19 iligawa kazi za ukonseli kwa desturi ya ushindi. Chama kikishinda urais, makonseli wa chama kilichoshindwa walifungasha mizigo, na barua za maseneta, wabunge na wahariri wa magazeti zilimiminika Washington kuwaombea watu wao nafasi. Vituo vingi havikuwa na mshahara wa maana. Konseli alijilipa kwa ada alizotoza, tena akafanya biashara yake mwenyewe mchana kweupe. Pwani yetu iliijua desturi hiyo mapema. Konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters wa Salem, alifika mwaka 1837 akiwa konseli na mfanyabiashara kwa pamoja, na mambo yake yalimwendea vizuri kwa sababu alielewana na Jairam Shivji, aliyekodi ushuru wote wa forodha ya sultani Seyyid Said. Meli ya Mmarekani mwingine ikitia nanga, mshindani wake kibiashara ndiye aliyepaswa kumsaidia. Hakuna aliyeona ajabu.

Katika desturi hiyo alitoka mtu aliyeigusa nchi yetu kuliko Mmarekani mwingine yeyote, ingawa hakuwahi kuliona ziwa. Henry Shelton Sanford aliteuliwa na Lincoln mwaka 1861 kuwa balozi Brussels, akakaa huko mpaka 1869. Rais Grant akalipeleka jina lake Seneti ili aende Hispania, na Seneti haikumthibitisha. Mtu aliyezoea kuitwa Mheshimiwa Balozi alibaki na jumba, madeni, na mashamba ya michungwa huko Florida. Leopold II alimwona. Mfalme yule alikuwa hodari wa kutambua mtu aliyenyimwa cheo. Januari 1878 Sanford alikuwa Marseille kumpokea mpelelezi Stanley akitoka Afrika, kwa niaba ya mfalme.

Mwaka 1883 Rais Chester Arthur alizuru Florida na kuyatembelea mashamba ya Sanford. Mwisho wa mwaka huohuo Sanford akaingia Washington na barua ya Leopold mkononi, akakodi nyumba, akawaalika maseneta mezani kwake. Hotuba ya rais kwa Bunge mwezi wa Desemba ilipotaja Kongo, maneno yake yalifanana sana na yale aliyoandaa Sanford. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikawa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold, bluu yenye nyota ya dhahabu. Huku kwetu, kusini ya hapa, Kapteni Storms alikuwa ameshajenga boma la Mpala tangu 1883 kwa jina la chama cha mfalme huyohuyo, na mwisho wa mwaka 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga. Kichwa cha Lusinga kilipelekwa Ubelgiji. Sidhani kama seneta hata mmoja aliyekula chakula cha Sanford alilijua jina la Lusinga.

Ulipofika wakati wa kuteua Wamarekani wa kuitazama Kongo, faili lilikuwa na karatasi nyingi nyuma. Willard Tisdel alitumwa mwaka 1884, akaandika kwamba biashara ya huko haina matumaini kwa Marekani. Ripoti yake haikumpendeza Sanford hata kidogo. Baadaye akateuliwa Luteni Emory Taunt, aliyekuwa amekwisha kuifanyia kazi kampuni ya Sanford ya pembe za ndovu huko huko Kongo. Yaani wakala wa serikali alitoka ndani ya duka aliloenda kulitazama. Taunt alifia Kongo mwaka 1891. Nafasi yake ndiyo aliyopewa Mohun.

Kabla ya kurudi kwa Mohun lazima nitaje barua nyingine ya uteuzi. Februari 1887 Stanley alitia nanga Zanzibar, na siku mbili baadaye, tarehe 24, mbele ya konseli Mwingereza Holmwood, Hamed bin Muhammed el-Murjebi alitia sahihi mkataba wa kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Dola ya Kongo. Ndiye Tippu Tip. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa na maelfu ya bunduki na pembe zilizojaza maghala, aliyejulikana kutoka Tabora mpaka Lomami, alipangiwa mshahara wa karani mkubwa. Alikubali baada ya kushauriana na sultani Seyyid Barghash, na ukiyasoma maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, unaona alijua hasa anachokitenda: Wazungu walikuwa wanakuja, na karatasi ile ilimpa muda. Mkataba ulimtaka apeperushe bendera ya Dola, azuie uvamizi wa kukamata watumwa, na akae na Mzungu karibu naye kama katibu. Hapo ndipo palikuwa na kiini cha mambo. Barua zote za wali kwenda serikalini zingepitia mkononi mwa huyo katibu.

Barua ile haikuwafunga watu wa upande wetu. Muhammed bin Khalfan, Rumaliza, aliyeshika Ujiji na mwambao wa kaskazini wa ziwa, hakuteuliwa na Leopold na hakutaka kuteuliwa. Alipofika Kapteni Jacques mwisho wa 1891, akijenga boma lililopewa jina la Albertville, mwaka 1892 watu wa Rumaliza walilizingira. Jacques mwenyewe hakutumwa na serikali. Barua yake ilitoka kwa Chama cha Kupinga Utumwa cha Ubelgiji, kilichozaliwa baada ya mahubiri ya Kardinali Lavigerie ya 1888. Ukihesabu basi, kwenye kipande kimoja cha pwani kati ya Mpala na Mtoa kulikuwa na Jacques aliyetumwa na chama, Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyetumwa na Mapadri Weupe, na mabwana wa Ujiji ambao hawakuhitaji sahihi ya mtu. Watabwa, Waholoholo na Waluba waliokuwa wakilima hapa hawakuandikiwa barua na yeyote kuulizwa wanamtaka nani.

Sasa Mohun. Vita vilipokwisha alikaa Manyema, akawahoji watu wawili waliokiri kumuua msafiri Mjerumani Emin Pasha mwaka 1892, na simulizi hiyo ikatoka kwenye jarida la Century mwaka 1895. Alijulikana. Safari ya Lukuga ikamwongezea sifa, maana mto wetu ulikuwa umewagombanisha wasafiri kwa miaka 20: Cameron alisema mwaka 1874 kwamba maji ya ziwa yanatokea hapa, Stanley akakuta mwaka 1876 mlango wake wa ziwani umezibwa na mchanga na matete, Hore akaja 1879 akakuta maji yanakimbia. Wote walisema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake. Sisi tunaoishi hapa tunajua Lukuga unaziba na kuzibuka, na ukiziba ziwa linaingia mitaani.

Mwaka 1895 Mohun aliteuliwa konseli wa Marekani Zanzibar. Alikuwapo tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipolipiga jumba la Khalid bin Barghash kwa chini ya saa moja na kumweka Hamoud bin Mohammed awe sultani. Ninaitaja siku hiyo kwa sababu ni uteuzi pia, uliofanywa kwa mizinga, na Mohun alipeleka habari zake Washington kwa simu ya waya.

Halafu ikaja barua ya 1898, na hii ndiyo ya kwetu kabisa. Mohun aliacha ukonseli akaingia kazini kwa Leopold moja kwa moja, kuongoza msafara wa kutandika waya wa simu kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea Maporomoko ya Stanley. Alipita Zambezi, Shire na Nyasa, akapanda ziwani mpaka Mtoa, kaskazini ya mji wetu, pale palipokuwa bandari ya misafara kutoka Ujiji tangu zamani. Kazi ikaendelea mpaka 1901. Nchi ilikuwa bado na hofu, kwa sababu askari Watetela walioasi katika jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola, mwaka 1897 walikuwa bado wanapigana kati ya Kivu na Manyema. Waya unahitaji nguzo, nguzo zinahitaji mabega, na mabega yalitafutwa vijijini.

Vilevile vijijini Dola ilikuwa na karatasi zake. Kwa amri ya tarehe 6 Oktoba 1891 iliamuliwa ni machifu gani watambuliwe. Aliyetambuliwa alivishwa medali shingoni na kuandikiwa hati ya kutawazwa, na tangu siku hiyo alidaiwa watu wa kazi, chakula na mazao. Asiyetambuliwa alibaki chifu kwa watu wake na si kitu mbele ya serikali. Mwaka 1910 Wabelgiji, waliokwisha kuichukua nchi mikononi mwa Leopold, walitoa amri nyingine iliyoeneza utaratibu huo kila mahali. Katika miaka yangu ya mashine niliona magomvi ya ufalme yaliyoletwa ofisini na wazee wa pande mbili, kila upande na nakala yake ya zamani imekunjwa hata mikunjo imetoboka, na kila nakala ina mhuri. Mzee wa upande mmoja anasema, "Babu yetu alivishwa medali." Wa upande wa pili anajibu, "Mumwulize aliyemvisha alitafuta nini." Hoja ile ya pili sikuisahau, na sijaona mwanahistoria aliyeisema vizuri zaidi.

Turudi kwenye jambo la Mohun nililolishika tangu mwanzo. Simtuhumu kwamba alikuwa mtu mbaya. Ninachosema ni kwamba alilipwa na Marekani ili aitazame Dola ya Leopold, na muda wote huo alikuwa akipanda ngazi ambazo Leopold alizishika chini. Alikaa Kongo katika miaka ileile ambayo mpira ulianza kuwala watu wa Ikweta na Kasai. Walioipasua siri hiyo ni wengine: George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyemwandikia Leopold barua ya wazi mwaka 1890 bila cheo chochote cha serikali, mmisionari William Sheppard huko Kasai, na konseli Mwingereza Roger Casement, ambaye ripoti yake ilichapishwa 1904. Casement ananilazimu nijiangalie, maana naye alianza ujana wake katika kampuni ileile ya Sanford. Mtu anaweza kutoka dukani na bado akaona. Lakini Casement alipoandika, alikuwa na mshahara wa serikali yake peke yake, na maagizo ya kwenda juu ya mto kwa sababu Bunge la London lilidai kujua mwaka 1903. Barua iliyomtuma iliuliza swali. Ya Mohun iliuliza bei ya vitambaa.

Marekani ilibadilika mwaka 1906. Sheria ya tarehe 5 Aprili iliwapa makonseli mishahara ya kudumu, ikataka ada ziende hazina, ikawakataza wenye mshahara wa zaidi ya dola 1,000 kufanya biashara. Mwezi Juni Rais Theodore Roosevelt akaongeza amri kwamba anayetaka nafasi za chini za ukonseli afanye mtihani, na nafasi za juu zitolewe kwa kupandishwa. Barua za maseneta hazikukoma, ila sasa zilikutana na karatasi ya mtihani. Mwaka huohuo Boma ikapata konseli mkuu, Clarence Rice Slocum, na Desemba alimwandikia waziri Elihu Root kwamba alichokikuta kwa jina la dola ni biashara kubwa ya kuchuma pembe na mpira tu. Aliyemfuata, James A. Smith, alisafiri ndani na kuandika mambo ya namna hiyohiyo. Ripoti zao zilichapishwa na Seneti mwaka 1909.

Leopold alijua thamani ya barua, naye hakukaa kimya. Alimwajiri wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, kwa faranga 100,000 kwa mwaka, amtengenezee mambo Washington. Desemba 1906 gazeti la Hearst, New York American, lilizipata karatasi za Kowalsky na kuzichapisha siku baada ya siku: mkataba wake, barua zake kwa mfalme, mpaka habari za mtumishi wa kamati ya Seneti aliyehongwa. Kwa mtu wa kazi yangu hakuna jambo zito kuliko hilo. Faili lote lilifunguliwa hadharani, likasomwa kuanzia nyuma. Seneta Lodge akaleta azimio Seneti mwezi uleule, na Seneta Morgan wa Alabama, aliyesukuma utambuzi wa 1884, alikuwa sasa upande wa wanaoilaumu Dola. Novemba 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo.

Mohun hakuwa amemaliza. Mwaka 1906 Leopold aliwapa matajiri wa Marekani, Ryan na Guggenheim, sehemu katika kampuni mpya ya Forminière, na mwaka uliofuata Mohun alirudi Kongo akiongoza msafara wao wa kutafuta madini. Almasi za Tshikapa zinatokana na utafutaji huo. Hiyo ilikuwa barua yake ya mwisho kubwa. Alifariki Julai 1915. Miezi michache kabla, reli kutoka Kabalo ilikuwa imefika ziwani hapa, na kabla ya mwaka kwisha Waingereza wakaleta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani juu ya maji yetu.

Makaratasi ya Mohun yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ripoti za makonseli wa Boma na Zanzibar ziko kwenye hifadhi ya taifa Washington, na barua za Sanford ziko kwenye jumba lake la makumbusho katika mji unaoitwa kwa jina lake, Florida. Nimewaambia vijana wa Chuo Kikuu cha Kalemie wanaosoma Historia waziombe nakala, na waanze na zile za Mtoa za 1898 mpaka 1901. Waandike kando ya kila barua mambo matatu: nani ametia sahihi, nani anamlipa aliyetumwa, na nani aliandika kumwombea. Wakishafanya hivyo, waende Mtoa na orodha za wapagazi mkononi, wakawasomee wazee majina moja moja.